Kungoja Pembe Kwenye Msitu wa Roquebrane

Kaka yangu Anselme alikuwa anaondoka Jumatatu, na jambo hilo lilikaa mezani kwetu kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha na hakuna mwenye ubavu wa kumfukuza. Timu ya baiskeli ya huko kusini, timu hasa, yenye magari na fundi na mpishi wake, ilimtaka akafanye nao mazoezi ya majira yote ya baridi. Gari lao lingepita kumchukua Jumatatu asubuhi. Asiyekuwa tayari, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Walimwambia hivyo kwenye simu kwa upole kabisa, kama daktari wa meno anavyokwambia haitauma.

Baba hakusema nenda, wala hakusema usiende. Baba ni mtu wa mabata bukini. Tuna mabanda mawili, na kuanzia Novemba mpaka Krismasi bukini wanalishwa mahindi kwa mrija, asubuhi na jioni, ili maini yao yanenepe na watu wa Paris wapate cha kuringia mezani. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anambana bukini katikati ya magoti na kumnyoosha shingo, mwingine anatia mrija na kuendesha mashine. Ukijaribu peke yako, banda la kwanza likimalizika zamu ya pili imeshafika, na bukini aliyerukwa zamu anapoteza kwa siku moja unene wa wiki nzima. Siku zote walikuwa Baba na Anselme. Sasa ingekuwa Baba na mimi, Maylis, binti mwenye cheti cha sekondari na mdomo ambao Mjomba Firmin anasema kiwandani walisahau kuufungia breki.

Jumamosi jioni tulikula supu ya kabichi. Mjomba Firmin, ndugu yake marehemu mama, alimimina divai nyekundu kwenye supu iliyobaki chini ya bakuli, akaizungusha, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa mpaka masharubu yakabadilika rangi. Hufanya hivyo kila siku, na kila siku mimi humwambia anafanana na ng'ombe horini. Nilimwambia tena. Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa anafuta bunduki kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Baba yetu, Ambroise, ndiye kiongozi wa wawindaji wa kijiji chetu, Saint-Léonce. Katika msako kila mtu anapangiwa mahali pake pa kusimama, na mwenzake wa kulia na wa kushoto wanajua hasa alipo, ndiyo maana watu wanaweza kufyatua risasi kwenye ukungu na bado wakarudi wote kula. Majira fulani ya baridi alimfukuza mtu kwenye chama kwa kusogea hatua chache akajisaidie. Yule bwana alilalamika kwamba mnyama hakuwepo karibu. Baba akamjibu kwamba pale alipokuwa amesogea, mnyama alikuwa ni yeye.

"Kesho tunasaka Roquebrane," alisema, akiiangalia bunduki, si sisi. "Barabarani kutakuwa na kibao cha msako. Mkikikuta, ngojeni pembe."

"Tutangoja," alisema Anselme.

Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote waliyofanya tangu barua ya timu ifike.

Habari za pembe hatukuhitaji kuelezwa. Mlio mmoja mrefu, msako umeanza. Mitatu mirefu, umekwisha, risasi zinatolewa bundukini. Saint-Léonce watoto wanajua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, haukuwa na nia ya kuamka. Tulitoka watatu: Anselme, Mjomba Firmin ambaye ana umri wa kustaafu na mapaja ya kijana, na mimi. Anselme alivaa fulana ya sufu ya babu yetu, ya kahawia, aliyokuwa akiivaa mashindanoni zamani za baiskeli za chuma. Alisema ni mara moja tu, kwa kuaga.

Nilimwambia anafanana na nguruwe mwitu aliyenyeshewa.

"Na wewe na hicho kizibao chako cha njano," alisema, "unafanana na kifaranga aliyemeza kengele."

Mzunguko wetu wa Jumapili haubadiliki. Tunapanda mpaka kwenye kasri lililobomoka ambamo sasa hivi mbuzi wa jirani yetu Lagorce ndio wenye cheo, tunapita chini ya lile jingine ambalo Waholanzi wanalikodisha kwa harusi, kisha tunarudi kwa barabara ya Roquebrane, ambako bibi mwenye kasri la tatu anaishi kwenye vyumba viwili, vingine vyote ameviachia ndoo za kukinga mvua. Na mwisho, kila Jumapili, kuna mbio za kibao. Kibao cha kuingilia Saint-Léonce, cheupe chenye ukingo mwekundu, kimesimama pale msitu unapokwisha. Wa kwanza kukipita hapati chochote. Ila wa mwisho anasimangwa wiki nzima, na kwa Mjomba Firmin wiki nzima ni wiki nzima kweli. Mbio zinaanza ndani ya msitu, na humo uongo ni halali. Unamwambia mwenzio tairi lake linapoteza upepo, unapiga kelele kuna gari, kuna trekta, kuna mkaguzi wa kodi. Anayegeuka kutazama ameshindwa.

Siku ile tulipanda bila kuzungumza sana. Ukungu ulikuwa unameza kila kitu, ukabakisha mlio wa minyororo na pumzi zetu. Tulipoanza kuteremka tukayakuta magari ya wawindaji yameegeshwa kwenye majani, mengi, yamejipanga, vioo vimefunga ukungu, na hakuna mtu. Siku nyingine tungewakuta wawili watatu wakinywa kahawa na kumuuliza Mjomba kama baiskeli yake bado haijamzika. Mbele kidogo, nyuma ya ua wa miti, alikuwepo mmoja amesimama na kizibao chake cha rangi ya chungwa. Ni mtu aliyesoma na Mjomba tangu darasa la kwanza. Mjomba akamsalimu kwa jina. Yule hakujibu. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye bunduki, akakirudisha.

"Ana kiburi leo," nilisema.

"Yuko mahali pake," alisema Mjomba. Hakuwa anatania.

Kisha mbwa alitokea barabarani, peke yake, sikio moja limechanika na damu imemkaukia shingoni. Akapita katikati yetu akikimbia taratibu, bila kututazama, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kibao cha msako tulikikuta pale barabara inapoingia msituni, kimesimamishwa juu ya miguu mitatu. Tukashuka. Tukangoja.

Kungoja kwenye baridi ukiwa na jasho ni adhabu. Nguo zinakugandia mgongoni, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Mbali ndani ya msitu mbwa walikuwa wanabweka, wanakaribia, wananyamaza, wanabweka tena upande ambao hatukuutegemea. Bunduki ililia mara moja. Ukungu haukutuambia wapi. Mjomba alitoa mkate na soseji kavu, akatugawia, na kwa kuwa Anselme alikuwa anatafuna bila kumeza, akamuuliza alichokuwa hajamuuliza mwezi mzima.

"Baba yako amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Nawe umemwambia nini?"

"Nimemwambia naondoka Jumatatu."

"Basi mmeongea sana. Mimi na marehemu baba yangu tulifika mpaka kaburini hatujafika hapo."

Anselme alitabasamu kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba akikosa hili gari hatapata jingine. Umri wake kwenye baiskeli ni kama maziwa juani. Alisema anasikia mashine ya mahindi hata akilala, na anaogopa kwamba iko siku ataamka asiisikie tena, kwa sababu ya kuizoea. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nilikuwa na utani mzuri tu mdomoni, nikaumeza na soseji.

Ndipo ikalia. Mlio mrefu. Kimya. Mlio mrefu. Kimya. Mlio mrefu.

Tulitazamana.

"Tatu," alisema Mjomba.

"Tatu," alisema Anselme.

Na mimi nilikuwa nimehesabu tatu. Ukungu ulikuwa umeizungushia sauti pamba, lakini tatu ni tatu. Niliuliza mbona kibao hawajaja kukiondoa. Mjomba akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona Papa haoi. Aliwinda miaka mingi kabla macho hayajamwangusha, na alinikumbusha kwamba wawindaji wakimaliza wanaanza na glasi, kisha nguruwe, kisha glasi, na kibao kinakumbukwa Jumatatu na mke wa mtu. Hilo lilikuwa kweli tupu. Kibao cha mwaka jana kilikaa pale mpaka Pasaka.

Anselme alikuwa ameshapanda. Alipita kando ya kibao, akainuka juu ya pedali, na fulana ya kahawia ikaingia kwenye ukungu wa kahawia.

"Mwizi huyu," alisema Mjomba, na tukamfuata.

Barabara inateremka ikipita mbele ya kasri, kisha inakata kona ndefu kuelekea kijijini. Mialoni ilikuwa inadondosha matone makubwa. Nilikuwa nyuma ya gurudumu la Mjomba, kichwa chini, tulipofika kwenye lango la kasri. Lango lilikuwa wazi. Nilitupa jicho ndani kwa sababu lango hilo huwa halifunguliwi.

Uani walikuwepo wanaume waliovaa makoti mekundu ambayo hawajafunga vifungo, wamebeba mabegani tarumbeta za shaba za mviringo, zile zinazopulizwa kanisani kwenye misa ya Mtakatifu Hubert, mlinzi wa wawindaji. Misa ilikuwa Jumapili inayofuata. Kijijini hakuna aliyejua kwamba wapulizaji wangekuja mapema kufanya mazoezi. Bibi mwenye kasri alikuwa anawamiminia kahawa. Mmoja alifuta midomo, akainua tarumbeta, akapuliza kuipasha moto: mlio mrefu, mlio mrefu, mlio mrefu.

Mjomba alikamata breki mpaka tairi la nyuma likaserereka. Nusura nimpande mgongoni.

"Si wao," alisema. "Maylis, si wawindaji waliopuliza."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Halafu akavuta pumzi na kuita jina la kaka yangu kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Nami nikaita. Tuliita msako haujaisha, arudi, kuna bunduki. Na niliita nikijua hatatuamini. Kila Jumapili tunapiga kelele kama hizo. Mahali hapo hapo. Kwa sauti hizo hizo. Kwenye ukungu mbele yetu tulimsikia akibadilisha gia, akaongeza mwendo.

Tukarudi juu ya baiskeli tukamkimbiza. Mbwa walianza tena, safari hii karibu sana, wengi, na mbele yao kitu kizito kilikuwa kinavunja matawi. Mtu mmoja porini alipiga ukelele mfupi. Kisha bunduki ililia, moja, na baada yake kila kitu kilinyamaza, hata mbwa, hata matone.

Sijawahi kuendesha baiskeli kwa kasi ile, wala kuiona ikienda polepole vile.

Kwenye kona tulimwona Anselme. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, goti linavuja damu, baiskeli imelala chini na gurudumu la mbele bado linazunguka. Nilimkagua kwa macho kuanzia juu mpaka chini, nikitafuta tundu. Hakuwa na tundu. Alikuwa anatazama chini, ukingoni mwa lami, na hapo ndipo nilipoiona rangi ya chungwa.

Baba alikuwa amekaa kwenye mfereji, mgongo umeegemea kingo, mikono miwili imeshika nyonga. Suruali yake ilikuwa imelowa nyeusi mpaka gotini.

Alivyosimulia Anselme baadaye, yote yalitokea mara moja. Aliona mtu anatoka kwenye ukungu amepanua mikono kama anayezuia ng'ombe, akafunga breki, akaanguka. Mahali pa Baba palikuwa kwenye mwaloni wa kwanza kutoka barabarani. Alisikia matairi. Anaijua baiskeli ya mwanawe kama anavyomjua bukini mgonjwa kwa mlio. Akaacha mahali pake, yeye, akakimbilia barabarani. Nguruwe akapita kwenye uwazi alioacha, na Thibaud Lagorce, wa mwaloni wa pili, mwenye wale mbuzi, akafyatua upande ambao kiongozi wake mwenyewe alimwambia asubuhi kwamba hakuna mtu.

Thibaud alikuwa ameshafika. Alikuwa amefungua bunduki, anarudia neno lile lile.

"Ulikuwa kwenye mwaloni, Ambroise. Ulikuwa kwenye mwaloni."

"Najua nilipokuwa," alisema Baba. "Vua mkanda wako, unifunge hapa. Kaza. Wewe unakaza kamba za mbuzi hivyo?" Kisha akamtazama Anselme, akamtazama Mjomba. "Nani kawaambia mpite?"

"Tulisikia tatu," alisema Mjomba.

"Tatu za nani?"

Jibu lilikuja lenyewe. Kutoka juu, kasrini, wapulizaji walikuwa wamemaliza kupasha moto, wakaanza wimbo mzima, wote pamoja, na shaba ikateremka juu ya miti ikajaza barabara. Tulibaki tumesimama tunasikiliza, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kutosikia. Baba alifumba macho.

"Wanapuliza vizuri," alisema.

Hospitali ya Périgueux walimpasua mchana kutwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye viatu vya kijani, alituambia ataishi, akaongeza neno lakini, kisha akaeleza habari za mfupa wa nyonga kwa kutumia kalamu na ngumi yake. Majira yote ya baridi atakuwa kitandani. Baada ya hapo wataona.

Tulipoingia Baba alikuwa mweupe kama jibini, mirija kila mahali. Mrija mmoja ulikuwa mkubwa kidogo na nilijua ni utani gani ningeutoa siku nyingine yoyote. Anselme alisimama miguuni pa kitanda na ile fulana ya babu, hakuwa amepata ya kubadilisha.

"Bukini wamekula?" aliuliza Baba.

"Banda la kwanza. Thibaud na mkewe walijaribu. La pili bado."

Baba alitazama dari. Nje ya mlango mtu alipita anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

"Gari lako linakuja saa ngapi?"

"Asubuhi. Kukipambazuka."

"Basi ukalale mapema," alisema Baba.

Anselme aliitikia kwa kichwa. Nilimtazama Baba, nikatafuta usoni pake kama ni ruhusa au ni kitu kingine, na hakunisaidia. Aligeuza uso wake ukutani, na hayo yakawa maneno yake yote kwa siku hiyo.

Kwenye gari nilisema mimi na Mjomba tutalisha. Nilisema kwa kujiamini kama mtu anayeuza kitu. Mjomba alikuwa kiti cha mbele, na badala ya kujibu aliinua mikono yake kwenye mwanga wa dashibodi tukaiona. Tangu kwenye ile kona haikuwa imetulia. Alijaribu kushika mkono kwa mkono, ikatetemeka yote miwili pamoja. Akaiweka chini ya mapaja na kuikalia kama mtoto anayeficha pipi. Thibaud, akasema, ana mbuzi wake na polisi wake. Jirani wengine wana mabata yao, na msimu ni huu huu kwa kila mtu. Anselme aliendesha mpaka nyumbani bila kutazama upande wa msitu.

Jumatatu niliamka bado kiza, nikaona begi lake limesimama mlangoni, limefungwa, na baiskeli ya mashindano imeegemea ukutani imefutwa mnyororo. Nikashukuru. Nikavaa mabuti nikaenda bandani nikiwa na mpango wangu: nitawabana wawili wawili, nitawaomba wapange foleni, nitawahutubia. Taa ilikuwa inawaka. Mashine ilikuwa inanguruma. Anselme alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Baba.

"Umechelewa," alisema. "Leta huyo."

Nikamwambia gari linakuja. Akasema anajua. Nikamwambia nitaweza peke yangu, akaniambia nihesabu vichwa mle ndani halafu nirudie kusema hivyo nikimtazama. Nikambana bukini magotini. Shingo yake ilikuwa ya moto, mapigo yanakwenda mbio chini ya vidole vyangu. Anselme alitia mrija kwa mkono mwepesi, kama anayemtuliza, akakanyaga mashine, nikahisi mahindi yakishuka.

Tulisikia gari likiingia uani, mlango ukifunguliwa, viatu kwenye kokoto. Mwanamume aliyevaa suti ya michezo safi, jina la timu kifuani, alisimama mlangoni mwa banda na kujiziba pua kwa adabu, kama anayejikuna. Akamuulizia Anselme. Mimi nilimtazama kaka yangu. Hakuinua kichwa.

"Mpe mwingine," alisema.

Yule bwana alisema yupo tayari kusubiri kidogo, kama kuna jambo la kumalizia.

"Hawa wana mpaka Krismasi," alisema Anselme. "Na baada ya hapo wanakuja vifaranga."

Mtu yule alisimama pale akatutazama, bukini na sisi, halafu viatu vikarudi kwenye kokoto. Mashine iliendelea kunguruma, kwa hiyo sikusikia gari likiondoka. Nilitafuta neno la kusema, neno lolote la kijinga, mimi ambaye sijawahi kukosa. Nilimwachia bukini aliyeshiba akaenda akiyumba gizani kwa wenzake.

"Anayefuata," alisema kaka yangu.